Picha ya Mgonjwa ni Amana

Tunduma ni mji usiolala. Malori ya kwenda na kutoka Zambia na Kongo hujipanga kandokando ya barabara kuu mchana na usiku, reli ya TAZARA inavuka mpaka papo hapo, na watu wa Tunduma na wa Nakonde, ng'ambo ya pili, huamkiana, huuziana na kuoana kana kwamba mpaka ni uzi tu uliolazwa juu ya ardhi. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya mwaka 2022. Katika siku moja muuguzi wa mkoa huu aweza kumwona dereva mwenye vipele ambavyo hajui alivipatia nchi gani, mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye kidonda kisichopona, na mtoto wa bonde la Momba mwenye homa. Kila mmoja wao anakuja na ugonjwa unaoonekana kwa macho, na kila mmoja anamtaka muuguzi huyo awe amewahi kuuona kabla.

Atakuwa ameuonea wapi? Kwa vizazi vingi jibu lilikuwa moja: wodini, mgonjwa atakapotokea. Darasani palikuwa na chati ya ukutani iliyopauka na kitabu kimoja kilichoshikwa kwa zamu. Leo hali imebadilika. Mwalimu huwasha projekta, na umeme ukikatika kila mwanafunzi hufungua simu yake. Ugonjwa unaofika kwenye zahanati mara moja kwa mwaka waweza kutazamwa na darasa zima asubuhi moja, ukakuzwa, ukalinganishwa na mwingine unaofanana nao, ukahifadhiwa na kurudiwa usiku wa kuamkia mtihani.

Jambo hili ni la kheri, nalo halina budi kutetewa. Lakini linatetewa vibaya pale linaposifiwa kwa wingi wa picha na wepesi wa kuzituma. Darasa la afya halipungukiwi picha. Linapungukiwa picha zilizopatikana kwa haki, zinazofanana na watu watakaotibiwa, na zinazofundishwa kwa namna inayomrudisha mwanafunzi kwa mgonjwa badala ya kumwondoa kwake. Pasipo hayo matatu, simu iliyoletwa kusaidia tiba huigeukia tiba yenyewe.

Picha zilizosafiri Afrika Mashariki

Nguvu ya picha katika tiba ya eneo hili haikuanza na simu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akamwona mwingine, kisha mwingine. Burkitt alikuwa na mazoea ya kupiga picha, na ilipofika 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe huo. Hakuishia hapo. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza swali jepesi: je, mmewahi kuuona?

Majibu yakaanza kurudi, na Burkitt akayapanga juu ya ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliondoka kwa gari, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi kusini mwa bara, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Ilibainika kwamba uvimbe ule ulikuwa mwingi katika maeneo ya joto na mvua ya kutosha, na adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kugundua, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tabibu wa misheni aliyekuwa peke yake hakuwa na darubini nzuri wala maktaba, lakini alipoiona picha alikumbuka mtoto aliyempokea miaka miwili nyuma. Maelezo ya kurasa kumi yasingeweza kumkumbusha hivyo. Tena picha zile zilikuwa za watoto wa Kiafrika, zikipelekwa kwa matabibu waliowatibu watoto wa Kiafrika. Darasa na wodi vilitazamana ana kwa ana.

Hata hivyo, mambo hayo yalitendeka katika enzi ambayo ridhaa ya picha haikuwa na taratibu zilizoandikwa kama za leo. Uvimbe ule unabeba jina la daktari. Nyuso za watoto zilibaki vitabuni bila majina, na msomaji wa leo ana haki ya kujiuliza wazazi wao waliambiwa nini kamera ilipoinuliwa.

Wekundu usioonekana

Mwanafunzi anayeandaliwa kufanya kazi Tunduma, Vwawa au Itumba akitafuta kwenye intaneti picha ya ugonjwa wa ngozi, aghalabu ataletewa ngozi nyeupe. Kitabu kitamwambia kwamba ngozi iliyopata uvimbe wa ndani huwa nyekundu. Akiingia zahanati atautafuta wekundu huo asiuone, naye atahitimisha kwamba ugonjwa haupo.

Ukweli ni kwamba katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hujitokeza kama zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu, na pengine hauonekani kabisa. Maambukizi ya ngozi ya mguu huenda yakatambulika kwa mkono mapema kuliko kwa jicho: joto, ugumu, maumivu, ngozi iliyonyooka na kung'aa. Vipele vya surua katika mtoto mweusi hutambulika vizuri zaidi pale mtazamaji anapojua kwamba havina budi kusomwa pamoja na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Upungufu wa damu hutafutwa viganjani na ndani ya kope. Manjano hutafutwa kwenye weupe wa jicho, tena kwa mwanga wa mchana. Mtoto anayekosa hewa hutazamwa ulimi na midomo, kwa kuwa mashavu yake hayatasema kitu.

Lawama hii haiwahusu watu wa Songwe peke yao. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha St George's jijini London, alitoa pamoja na walimu wake wawili kijitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi, kwa sababu alichoka kufundishwa dalili ambazo hangeziona kwa watu wanaofanana naye. Mwishoni mwa mwaka 2021 mchoro wa Chidiebere Ibe wa Nigeria, unaoonyesha mama mweusi na mtoto mweusi tumboni mwake, ulienea duniani kote, na watu wengi walikiri kwamba hawakuwahi kuona mchoro wa namna hiyo maishani mwao. Ikiwa London imetambua kwamba picha zake hazimtoshi mgonjwa mweusi, kwa nini darasa la Songwe, ambako karibu kila mgonjwa ni mweusi, liendelee kuazima picha hizohizo?

Tanzania haianzi mikono mitupu. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu mwaka 1992. Ujuzi wa kusoma ngozi nyeusi upo nchini. Kilichobaki ni kuufikisha kwa muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye humwona mgonjwa wa kwanza, na picha nzuri ndiyo gari la bei nafuu kuliko yote ya kuufikishia.

Hapa pana onyo kuhusu vifaa. Simu nyingi za siku hizi husafisha uso na kung'arisha ngozi bila kuulizwa, na taa ya simu huacha doa jeupe juu ya ngozi nyeusi na kufuta rangi ya kidonda. Picha ya kufundishia hupigwa kwa mwanga wa dirishani, bila urembo wa programu, mandhari ya nyuma yakiwa kitambaa cha rangi moja, moja kwa mbali ili kuonyesha mahali pa mwili na moja kwa karibu, rula ikiwekwa kando ili ukubwa ujulikane. Mambo haya hayagharimu chochote, na asiyeyazingatia hufundisha rangi ambazo hazipo.

Picha haina joto wala maumivu

Picha inapokuwa nzuri sana huleta hatari nyingine: mwanafunzi hudhani amekwisha kumwona mgonjwa.

Ukoma ni mfano ulio wazi. Baka lililopauka kidogo juu ya mgongo, likionyeshwa ukutani, laweza kuwa fangasi, laweza kuwa alama ya kuzaliwa, laweza kuwa ukoma. Kinachoyatofautisha hakimo katika picha. Kimo katika kipande kidogo cha pamba kinachogusishwa juu ya baka wakati mgonjwa amefumba macho, akiulizwa aonyeshe alipoguswa. Akishindwa kuhisi, jibu linaanza kupatikana. Dawa za ukoma hutolewa bure nchini, na anayezipata mapema aweza kuepuka ulemavu. Anayekosa kwa sababu tabibu alitosheka na picha aweza kupoteza vidole.

Ndivyo ilivyo kwa mpox, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 14 Agosti 2024 kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa, na ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitangazwa Machi 2025. Katika mji wa mpakani haifai kumngoja mgonjwa aje kuwa mwalimu. Picha ni lazima itangulie. Lakini picha ya kipele kimoja haitoshi. Mara nyingi vipele vya mpox katika sehemu moja ya mwili huwa katika hatua moja, vigumu, vyenye kishimo katikati, na hufika viganjani na nyayoni, ilhali vya tetekuwanga huwa katika hatua mbalimbali kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo huonekana kwa kumvua mgonjwa nguo kwa staha na kumtazama mwili mzima, kisha kuuliza homa ilianza lini, mitoki imevimba au la, na alikuwa na nani. Picha moja iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, ikisindikizwa na swali "Hii ni nini?", haiwezi kubeba yote hayo, na wanaoijibu kwa haraka hufundisha kubahatisha.

Hata maabara haikusalimika. Mwanafunzi hupiga picha ya vimelea vya malaria kupitia jicho la hadubini, nayo hupendeza. Lakini mtaalamu wa maabara hatangazi kwamba damu haina vimelea mpaka apekue angalau viwanja 100 vya slaidi. Picha huonyesha kiwanja kimoja, kile kilichofurahisha. Uvumilivu wa kupekua tisini na tisa vingine hautokei pichani, na huo ndio kazi yenyewe.

Kwa hiyo mwalimu mzuri haanzi kwa kulitaja jina la ugonjwa. Huonyesha picha akanyamaza, akawaacha wanafunzi waeleze wanachokiona: ukubwa, kingo, rangi, mahali, mpangilio. Kisha huuliza: ungegusa wapi? Ungenusa nini? Ungemuuliza mgonjwa swali gani la kwanza? Huonyesha ugonjwa uleule ukiwa mchanga, ukiwa umekomaa na ukiwa unapona, kwa maana vitabu hupenda ugonjwa uliokomaa, na wagonjwa wanaoweza kuokolewa ni wale ambao ugonjwa wao haujafika hapo. Huweka pia picha za mwili mzima wa afya, ili mwanafunzi asione maradhi kila mahali.

Macho hayana pazia

Liko suala zito kuliko yote hayo, nalo halihusu rangi wala mwanga. Linahusu aliyepigwa picha.

Wahenga walimwonya mgonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa onyo hilo mama hukubali kuvua kanga mbele ya mkunga, mzee hukubali kuonyesha kidonda cha sehemu za siri kwa kijana aliye sawa na mjukuu wake, na binti hukubali kupimwa mlango wa kizazi. Wanavua kwa sababu mlango umefungwa. Anayejifunua kwa tabibu hajajifunua kwa ulimwengu. Amekabidhi kitu, na kilichokabidhiwa kwa Kiswahili huitwa amana: huwekwa, hulindwa, hurudishwa, wala haitumiki pasipo idhini ya mwenyewe.

Sasa itazamwe safari ya kawaida ya picha iliyopigwa kwa simu binafsi. Hupigwa kwa nia njema, ili kumuuliza mwenzake ushauri. Hutumwa kwenye kundi la watu mia moja, na katika simu nyingi kati ya hizo hujihifadhi yenyewe kando ya picha za harusi na za watoto. Mwanakundi mmoja huipeleka kundi jingine. Simu moja huharibika ikapelekwa kwa fundi, nyingine huuzwa, nyingine huchezewa na mtoto nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya, lakini macho hayana pazia, na mwili wa mama mmoja wa Momba umekwisha kutazamwa na watu asiowajua, bila kuulizwa. Katika mji wenye watu milioni huenda asitambuliwe. Kijijini kwake atatambuliwa kwa kovu, kwa hirizi, kwa kanga aliyoivaa, hata kwa ukuta wa zahanati uliopo nyuma yake. Ule utepe mweusi unaochorwa juu ya macho ni faraja ya mpigaji kuliko ulinzi wa mpigwaji.

Sheria imekwisha kusema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na maisha yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini anayengoja sheria imkataze amechelewa. Katika tiba kinachovunjika kwanza ni imani. Mama akisikia sokoni kwamba picha za wagonjwa huzungushwa kwenye simu, hatapeleka malalamiko popote. Hatarudi tu, wala dada yake hatakwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na hakuna takwimu itakayoeleza kwa nini hawakuja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ridhaa haiishii kwenye sahihi

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni kupiga marufuku simu na kurudi kwenye chati za ukutani. Hoja yao inastahili heshima, kwa sababu inatokana na uchungu wa kweli. Hata hivyo marufuku hiyo ingewaumiza walewale inaowatetea. Mgonjwa wa zahanati ya mbali ndiye anayehitaji zaidi tabibu aliyefundishwa kwa picha za watu kama yeye. Kumnyima tabibu picha hizo ni kumwacha mgonjwa huyo na mtu asiyejua anachokitazama.

Wapo pia wanaopendekeza picha zitengenezwe na akili mnemba, ili asipatikane mtu wa kuvunjiwa heshima. Wazo linavutia, ila mashine hujifunza kutoka kwa picha zilizopo, na nyingi kati ya hizo ni za ngozi nyeupe. Tena haijui tofauti kati ya kidonda na kitu kinachofanana na kidonda. Inaweza kuchora ugonjwa ambao haupo duniani, na mwanafunzi akautafuta maisha yake yote. Mchoro wa mkono wa mtu anayeijua tiba, wenye maelezo kwamba ni mchoro, una uaminifu zaidi.

Njia iliyobaki ni ngumu kidogo lakini ni ya haki: kuomba. Na kuomba si kumsukumia mgonjwa fomu atie dole gumba wakati anatetemeka kwa homa. Mgonjwa aambiwe picha ni ya nini: ya kumtibu yeye, ya kufundishia, au ya kuchapishwa, maana mambo hayo matatu ni ruhusa tatu tofauti. Aambiwe kwa lugha anayoielewa. Katika Songwe hilo lina maana ya Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali kwa wazee wengi, ambao Kiswahili cha fomu huwapita juu ya vichwa. Aonyeshwe picha baada ya kupigwa, na akisema "futeni", ifutwe mbele yake. Aambiwe bila kuficha kwamba picha ikishasambazwa hakuna mtu awezaye kuirudisha yote. Na alisikie neno lililo kubwa kuliko mengine: akikataa, dawa yake, zamu yake na heshima yake vitabaki vilevile. Mtoto husemewa na mzazi au mlezi, ila mtoto anayejitambua naye huulizwa. Mgonjwa asiye na fahamu hapigwi picha ya kufundishia mpaka aamke aulizwe mwenyewe.

Linalowezekana Songwe

Hayo yote hayahitaji kungoja mradi mkubwa. Yanahitaji uamuzi wa vyuo na hospitali chache zilizo karibu. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni takribani kilomita 100, na huko ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda pamoja na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wagonjwa wa Songwe hupewa rufaa kwenda huko kila siku. Hakuna sababu picha za kufundishia, zilizopatikana kwa ridhaa, zisirudi zikafundishe walikotoka wagonjwa hao.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha simu ya mtu na kamera ya kazi. Kituo kiwe na kifaa kimoja kisicho na laini ya simu, chenye neno la siri, kinachokaa kabatini, na mtu mmoja aliyekabidhiwa. Picha zihamishiwe kwenye hifadhi ya chuo kila juma na kufutwa kwenye kifaa. Kila picha ipewe namba badala ya jina, na taarifa za mahali ilipopigwa, ambazo simu huzificha ndani ya faili, ziondolewe. Daftari la ridhaa likae mbali na picha.

Hatua ya pili ni kujenga mkusanyo wa picha chache zilizochaguliwa vizuri: magonjwa ya ngozi yanayoonekana zaidi mkoani, dalili za hatari kwa mtoto na kwa mjamzito, vidonda, macho, vinywa. Picha mia mbili za watu wa eneo hili, zenye maelezo ya Kiswahili fasaha, zilizohakikiwa na mabingwa wawili, zina thamani kuliko elfu ishirini zilizookotwa. Ziwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu ili zifunguke hata pale ambapo mtandao haufiki na kifurushi kimeisha.

Hatua ya tatu ni kuwapa wanafunzi nidhamu hiyo kabla ya kuwapa picha. Mwanafunzi anayefundishwa namna ya kushika sindano afundishwe namna ya kushika kamera, na mtihani wa vitendo umpime kwa yote mawili: je, alijitambulisha? Je, aliomba? Je, alifunika sehemu zisizohusika? Je, aliifuta picha alipoambiwa aifute? Kuhusu ushauri wa haraka kati ya matabibu, ambao hauepukiki panapokuwa na dharura na bingwa yuko mbali, utaratibu uwe picha humfikia mtu mmoja anayehusika na tiba, ikiambatana na historia ya mgonjwa, na hufutwa shauri linapokwisha.

Neno kwa mgonjwa

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika darasa hili. Aliye kitandani Vwawa au benchini Tunduma ajue kwamba simu ikiinuliwa mbele yake ana haki ya kuuliza ni ya nini, ni ya nani, na picha itakwenda wapi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na muuguzi mwema atafurahi kuulizwa. Ajue vilevile kwamba akikubali kwa hiari yake ametoa sadaka kubwa. Kidonda chake kinaweza kumfundisha kijana ambaye, miaka mitano baadaye, atamtambua mtoto wa jirani kabla hali haijaharibika.

Ufundishaji kwa picha utahukumiwa kwa mtihani mmoja mdogo. Mama ameketi na mwanawe mapajani, tabibu ameomba ruhusa, na mama anauliza: "Nani ataiona?" Ikiwa tabibu anaweza kumjibu kwa ukweli, akitaja darasa, mtunzaji na siku ya kufutwa, basi picha hiyo ipigwe, ifundishe. Ikiwa hana jibu, airudishe simu mfukoni, anawe mikono, amguse mtoto.